Ukiandikiwa mofini au tramadoli, mpe mtu akusimamie

Nyumbani kwetu zimepita dawa mbili kali za maumivu. Mama alitumia mofini ya maji mpaka mwisho wa maisha yake, kwa sababu ya saratani ya mlango wa kizazi. Mdogo wangu wa kiume alitumia tramadoli baada ya kuvunjika mguu kwenye ajali ya bodaboda. Mama, aliyetumia dawa yenye nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, hakuwahi kuwa mraibu. Mdogo wangu alikuwa. Nimelitafakari sana jambo hilo, na karibu kila ninachokushauri hapa kinatokana nalo: dawa hizi zinataka msimamizi. Mtu mmoja ndani ya nyumba, asiye mgonjwa, anayeshika chupa, anayeangalia saa na anayeandika. Mama alikuwa naye. Mdogo wangu aliachiwa pakiti mkononi.

Nianze na woga, kwa sababu ndio uliomtesa mama kwanza. Tulipotoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na chupa ya kwanza alikataa hata kuionja. "Mwanangu, uzee huu unataka nife teja?" Mama mdogo naye akasema ile ni dawa wanayopewa watu waliokwisha kukatiwa tamaa, na jirani akatuonyesha kwenye simu video ya vijana wa Marekani waliopinda migongo barabarani, hawajitambui. Usiku mama aliuma pindo la khanga ili wajukuu wasimsikie akilia. Dawa ipo kabatini, mgonjwa anateseka. Naamini nyumba nyingi ziko hivyo mpaka leo, na linaniuma.

Nesi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, ndiye aliyetutoa gizani. Alitueleza kwamba mwili wa yeyote anayetumia mofini kwa wiki kadhaa huizoea, na ukiikata ghafla utahangaika: jasho, miayo, kamasi, kuharisha, usingizi kupotea. Hilo humpata hata sheikh na padri, na tiba yake ni kupunguza dozi polepole kwa maelekezo ya daktari. Uraibu ni jambo jingine. Mraibu anaisaka dawa wakati maumivu yameshaondoka, anadanganya ili aipate, na haachi hata akiona kazi na ndoa vinaharibika. Mgonjwa wa saratani anayekunywa dozi yake kwa wakati mara chache sana hufika huko. Na wala mofini haimwiti Malaika wa kifo. Mgonjwa huandikiwa kwa sababu anaumwa sana, na wapo wanaoitumia miezi na miaka huku wakipika na kwenda sokoni.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 1986 kwamba maumivu ya saratani yatibiwe kwa mdomo, kwa saa na kwa ngazi. Kwa ngazi maana yake unaanza na panadoli na dawa nyingine nyepesi, unapanda pale maumivu yanapokataa. Kwa saa ndilo gumu kwa sisi tuliozoea kunywa dawa tukiumwa tu. Mofini ya maji hufanya kazi kwa takriban saa nne. Ukisubiri maumivu yarudi ndipo unywe, utakuwa unayafukuza siku nzima bila kuyakamata, na mgonjwa anayesubiri kwa uchungu ndiye anayeanza kuiwaza chupa muda wote. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Ile ya mwisho daktari aliiongeza ili mama alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Maumivu yakichomoza katikati kulikuwa na dozi ya ziada, nayo iliandikwa.

Kipimo sasa. Tulipewa bomba la sindano, bila sindano yake, la kuvutia mililita kamili. Siku moja dada alitaka kumimina kwa kijiko cha chai kwa sababu bomba lilikuwa halionekani. Nilimzuia, tukalitafuta mpaka tukalipata. Vijiko vya majumbani havilingani, na mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti: kuna yenye miligramu 5 katika mililita 5, na kuna yenye 50 katika mililita zilezile. Chupa mbili zinazofanana zinaweza kupishana mara kumi. Uganda, ambako Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na ambako tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika mofini, dawa hiyo hutiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine. Wewe soma lebo kila unapopewa chupa mpya, hata kama mfamasia ni yuleyule. Na ukipewa vidonge vya mofini vinavyofanya kazi polepole, usivisage wala kuvitafuna: dozi ya nusu siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo.

Daftari letu lilikuwa la shule, la mistari, nimelichora safu kwa rula. Saa, mililita, maumivu ni ngapi kati ya kumi, usingizi, choo. Mama aliona aibu kwa hiyo safu ya choo, lakini ndiyo iliyomsaidia kuliko alivyotarajia. Kichefuchefu na kusinzia vinavyoletwa na mofini kwa kawaida hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui. Omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unayoandikiwa mofini. Papai na maji vinasaidia, ila peke yake mara nyingi havitoshi. Nimeona mgonjwa anaacha mofini kwa sababu tumbo limejaa, na ndugu wanasema dawa imemkataa.

Lakini pale daftari lilipotuokoa hasa ni kwenye safu ya usingizi. Ilifika wakati, dozi haijabadilika hata tone, mama akaanza kulala zaidi, na mikono ikawa inashtukashtuka. Kwa macho tungesema ugonjwa umezidi, basi. Nilimsomea daktari safu hiyo kwenye simu, akataka aletwe apimwe figo. Saratani ya mlango wa kizazi inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikashindwa, na figo zikishindwa mabaki ya mofini hujilimbikiza mwilini. Dozi ilipunguzwa na kutenganishwa zaidi, akaamka, akaomba uji. Mgonjwa mwenyewe hawezi kuligundua hilo, kwa sababu yeye ndiye anayesinzia.

Mdogo wangu hakuwa na daftari. Aliruhusiwa hospitali na kapsuli za tramadoli, na hakuna aliyemwambia mwisho wake ni lini. Mguu uliunga. Kapsuli hazikuisha, kwa sababu duka moja la dawa lilimuuzia bila cheti, na lilipomkatalia alipata jingine. Tuliona dalili tukazipa majina mengine. Alikunywa kabla hajaumwa, "ili nisiumwe." Akisafiri, kitu cha kwanza kuuliza ni kapsuli zimewekwa wapi. Akizikosa siku moja anakuwa na mafua na maungo yanamuuma, tukasema malaria. Mwenyewe alikuja kuniambia kwamba ilikuwa arosto, mwili kuidai dawa, kama ya watumia unga, ila yeye alijiona tofauti kwa sababu dawa yake ilitoka kwenye pakiti yenye nembo.

Kisha alianguka sebuleni akitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Tulimwita ustadhi aje amsomee, na dua haina ubaya, lakini ni nesi wa zamu hospitalini aliyeuliza swali lililohitajika: "Huyu anatumia dawa gani ya maumivu, na ngapi kwa siku?" Tramadoli inaweza kuleta degedege kwa mtu mzima, hasa akivuka miligramu 400 kwa siku, na hatari huongezeka akichanganya na baadhi ya dawa za sonona. Kama kuna kijana nyumbani kwenu ameanguka hivyo kwa mara ya kwanza, pekua mifuko yake kabla ya kutafuta aliyemroga.

Kwa hiyo siku ya kwanza, ukiwa bado umekaa mbele ya daktari, uliza siku ya mwisho. Mwongozo wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani wa mwaka 2016 ulisema kwa maumivu ya ghafla siku tatu au pungufu mara nyingi hutosha, na zaidi ya saba huhitajika kwa nadra. Mguu uliofanyiwa upasuaji mkubwa unaweza kudai zaidi. Daktari aseme ni kiasi gani, na msimamizi asikie. Marekani walijifunza kwa msiba. OxyContin, kidonge kikali cha maumivu cha jamii ya mofini, iliingia sokoni 1996 ikinadiwa kuwa haina hatari kubwa ya uraibu, na mwaka 2007 kampuni iliyoitengeneza, Purdue, ilikiri mahakamani kupotosha watu kuhusu hatari hiyo. Ile video ya jirani ilianzia huko, kwa watu wengi walioandikiwa vidonge vingi mno kwa maumivu ya mgongo na magoti, si kwa chupa ya mgonjwa wa saratani. Maumivu ya mgongo ya miaka mingi kwa kweli hayafai kukimbizwa na dawa hizi. Mazoezi ya tiba ya viungo yanachosha na yanachukua muda, lakini yanakuacha na akili zako.

Watoto walio chini ya miaka 12 wasipewe tramadoli wala kodeini, hata kama ni ile iliyomo kwenye dawa ya kikohozi. Miili ya baadhi ya watu huigeuza kodeini kuwa mofini kwa kasi kubwa, na mtoto anaweza kuacha kupumua. Mama anayenyonyesha amwambie daktari kwamba ananyonyesha kabla hajaandikiwa.

Pombe na dawa za usingizi kama diazepamu usichanganye kabisa na dawa hizi. Zote zinapunguza pumzi. Ukimkuta mtu haamki hata ukimfinya, anakoroma kwa mvumo usio wa kawaida, anapumua mara mojamoja, na mboni za macho zimekuwa ndogo mno, usimwachie "alale dawa iishe." Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na ubebe pakiti. Ipo dawa ya kuzindua, naloksoni, lakini mhudumu lazima ajue kilichonywewa.

Aliyekwisha kunasa asikatiwe ghafla wala kufungiwa chumbani. Mdogo wangu alipunguziwa kidogo kidogo, kapsuli nikizishika mimi, na alilia, na alinitukana, na tuliendelea. Waliozama zaidi wana mahali pa kwenda: kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu kwa usimamizi ili waache, Muhimbili ilianza 2011, kisha zikafunguliwa nyingine, zikiwemo za Temeke na Mwananyamala. Muulize daktari bila kuficha.

Mwaka jana alirudi kutolewa vyuma mguuni. Safari hii alimwambia daktari kila kitu kabla ya upasuaji, akaomba mwenyewe kwamba dawa nikabidhiwe mimi. Alipewa za siku chache, pamoja na panadoli kwa saa zake. Zilipobaki kapsuli mbili na maumivu yakiwa ya kuvumilika, nilizirudisha kwa mfamasia wa hospitali, kama nilivyoirudisha chupa ya mama, na nikaomba aziandike kwenye kitabu nikiwa nimesimama pale.