Moyo Mkubwa, ECG Safi: ECHO ya Nini Tena?

SWALI: Mama ana miaka 61 na amepikia kuni tangu usichana. Mwezi wa tatu huu anakohoa, na akipanda kilima kidogo tu anahema. Makohozi yalipimwa, hana TB. Picha ya kifua imeandikwa "moyo umetanuka", ila ECG ni safi. Sasa ameandikiwa ECHO na kipimo cha kupuliza. Tunazungushwa?
*Msomaji, Mbeya*

JIBU: Hamzungushwi, ingawa najua mfuko unauma. "Moyo umetanuka" kwenye picha maana yake upana wa kivuli cha moyo umezidi nusu ya upana wa kifua. Kivuli nacho hudanganya: mgonjwa akipigwa picha amelala, au asipovuta pumzi hadi mwisho, moyo wenye afya huonekana mkubwa. Ulizeni picha ilipigwaje.

ECG husoma umeme wa moyo kwa sekunde chache tu. Hunasa mapigo yaliyovurugika na misuli iliyokosa damu, lakini haioni valvu inayovuja wala nguvu ya msukumo. Hiyo ni kazi ya ECHO, ambayo ni ultrasound: haina mionzi wala sindano, na kwa kawaida hafungi kula. Hulazwa ubavu wa kushoto, akapakwa jeli kifuani.

Kwenye majibu mtaona herufi EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje na chumba kikuu cha kushoto kwa kila pigo. Watu huiona 60 wakadhani moyo umepata alama 60 za mtihani! Kawaida ni kama 55 hadi 70. Ikifika 40 au chini, msukumo umedhoofika. Lakini EF nzuri peke yake haitoshi kumwondolea mtu shaka, kwa kuwa moyo uliokakamaa husukuma vizuri huku haujai vizuri.

Kipimo cha kupuliza ni kwa sababu ya zile kuni. Moshi wa miaka mingi hubana njia za hewa, na picha ya kifua inaweza isionyeshe kitu. Avute pumzi mpaka ajae, midomo ikamate bomba bila kuvujisha, apulize kwa nguvu mara moja na aendelee walau sekunde 6. Wengi huharibu hapo: huanza polepole au huacha mapema, ndiyo maana hurudiwa mara tatu au zaidi. Kama anatumia salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, aulize aiache saa ngapi kabla; mara nyingi ni 4 hadi 6. Siku ya kipimo, akishapuliza, hupewa mipulizo 4 ya dawa hiyo, akasubiri dakika 15 na kurudia. Uwiano, yaani hewa ya sekunde ya kwanza ikigawanywa kwa hewa yote aliyopuliza, ukibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia za hewa zimebanwa kwa kudumu. Hewa ya sekunde ya kwanza ikipanda sana baada ya dawa, daktari hufikiria pumu.

Mwelezeni daktari pia analalia mito mingapi, kama miguu inabonyea ukiigandamiza, na dawa zake zote. Lisinopril, enalapril na captopril za presha huweza kuleta kikohozi kikavu. Asiache mwenyewe, huwa kuna mbadala. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, akibanwa kifua au midomo ikibadilika rangi, msisubiri miadi.

SWALI: Dada yangu ni bibi harusi, kucha zote zina piko. Kimashine cha kidoleni kilisoma 88 naye anacheza tu. Ni mgonjwa?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Kimashine hicho hupima asilimia ya oksijeni kwenye damu kwa kupitisha mwanga kwenye kidole, na piko nyeusi au rangi ya kucha huweza kuuziba. Apashe mikono joto, akae kimya dakika nzima, apime kidole cha mguu kisicho na rangi, au akivalishe kidole cha mkono kwa ubavu. Kwa mwenye mapafu mazima huko pwani tunategemea 95 kwenda juu. Ikibaki chini ya 90 hata hapo, aende hospitali leo, harusi au si harusi.