Re: Shilingi ya kidijitali ya nini, wakati pesa ya simu ipo?

Mkuu, tofauti ni nani unamdai. Salio la pesa ya simu unaidai kampuni ya simu, na fedha yenyewe imekaa benki za biashara. Shilingi ya kidijitali ungeidai Benki Kuu moja kwa moja, kama noti.

Ila mchuuzi wa dagaa hapa Tanga, pale soko la samaki la Deep Sea, hayo hayamhusu. Yeye anaangalia makato ya kutolea kwa wakala. Kama shilingi hiyo haifanyi kazi kwenye kitochi, bila bando, hata mtandao ukikata katikati ya mnada, atashika noti zake tu. Nigeria walizindua eNaira, sarafu yao ya kidijitali, Oktoba 2021, pochi zake nyingi za kwenye simu zikabaki zimelala.

Halafu salio la shilingi ya kidijitali liwekewe ukomo. Bila hivyo, benki ikitetereka watu watahamishia amana zao huko usiku mmoja.