Jibu: Shoga yangu kaacha pombe, vikao vya AA hataki

Habari dada. Umesema shoga yako kaacha pombe, ila vikao vya AA (Alcoholics Anonymous, kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe) hataki kwa kuwa kusimama na kujiita mlevi kunamrudishia aibu, na nyinyi wawili watatu mlio karibu naye hamjui mshike wapi.

Kwanza, ameacha lini? Kama alikuwa anakunywa kila siku na kaacha juzi, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, mpelekeni hospitali leo. Siku 3 za mwanzo anaweza kuanguka kifafa, na watu hufa. Msijaribu kumtibu nyumbani.

Akivuka hapo, lindeni saa aliyozoea kunywa. Sisi pia tulikuwa na shoga aliyeacha, na saa yake ilikuwa jioni akishafunga genge. Tulikuwa tunamfuata, tunamenya naye viazi, umbea tele, pombe haitajwi mpaka aitaje mwenyewe. Kwenye kitchen party tunampa soda mkononi kabla mhudumu hajafika.

Pia kuna Women for Sobriety, kikundi cha wanawake wanaoacha pombe, ilianzishwa na Jean Kirkpatrick huko Marekani miaka ya 1970. Huko mwanamke anajitambulisha kuwa anajiweza, na wana kauli 13 za kutafakari kila siku. Kiingereza kikimpiga chenga, mtafsirieni moja moja.

Akiteleza, msimsimange. Na habari zake zisifike kwa mawifi.