Msumeno usubiri: jibu kwa anayetaka kusomea ufundi wa miti

Ndugu uliyeuliza kutoka Kakamega, umeeleza kwamba ulimaliza kidato cha nne ukapata alama ya D, kwamba kwa miaka miwili umekuwa ukiwakatia majirani matawi kwa panga, na kwamba umeweka akiba ya shilingi 60,000 ambayo ungependa kununulia msumeno wa injini. Swali lako ni chuo gani kitakachokufanya fundi wa miti anayetambulika. Kazi hii nimeifanya Nakuru na Kisumu kwa miaka kumi na moja, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba msumeno usubiri.

Vyuo vyetu hufundisha msitu zaidi kuliko mti mmoja mmoja. Kilicho karibu na ufundi huu ni Chuo cha Misitu cha Kenya kilichoko Londiani, kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho hutoa cheti na stashahada ya misitu. Huko utajifunza kutambua aina za miti, wadudu na magonjwa, vitalu, upimaji wa mbao na sheria, hasa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, na hutajuta. Lakini msonobari wa shambani hupandwa ili siku moja uangushwe, ilhali mjakaranda wa mtaa kama Milimani umeinama juu ya paa la mtu, na mwenyewe anataka uendelee kusimama bila kumvunjia nyumba. Pengo hilo utalijaza wewe kwa kufanya kazi chini ya fundi.

Nitakueleza nilivyojifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili kazini nilipewa mjakaranda mkubwa hapa Nakuru, wenye tawi nene lililoelekea lango la magari. Nililikata kutoka juu kwa mkato mmoja. Kabla sijafika katikati, tawi lililemewa na uzito wake, likaanguka likichuna gome la shina kwa urefu wa mkono wangu mzima. Nami, ili kuficha kosa, nikalainisha kidonda hadi kikawa sawa na shina na kukipaka rangi, nikalipwa, nikaenda zangu. Niliporudi baada ya mvua za misimu kadhaa, uyoga ulikuwa umeota pale pale, na shina likigongwa lilitoa sauti ya debe tupu. Mti wote ulilazimika kuangushwa, na safari hiyo sikuomba malipo.

Kosa langu lilikuwa na maelezo ambayo tayari yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Mmarekani Alex Shigo, aliyefanya utafiti katika idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa urefu ili aone uozo unavyosafiri ndani yake, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu: sehemu iliyojeruhiwa haifanywi upya, bali mti huizungushia kuta ili uozo usienee, kisha huota mbao mpya nje yake. Kuta hizo huwa imara zaidi penye ule uvimbe ulioko shingoni mwa tawi, mahali linapoungana na shina. Ukiukata uvimbe huo, umeubomolea mti ngome yake. Ukiacha kisiki kirefu, nacho kitaoza na kuuchelewesha mti kujifunika. Ndiyo maana tawi zito hukatwa mara tatu: kwanza kwa chini, mbali kidogo na shina, ili gome lisichunike, pili kwa juu, mbele ya mkato wa kwanza, ili uzito uondoke, tatu nje tu ya uvimbe. Rangi haiongezi kitu, ingawa wateja huipenda, na mimi nimechoka kubishana nao.

Kuhusu kupanda juu ya mti, tafuta fundi mwenye kamba na mikanda halisi ya kupandia, umwombe akuchukue kama mtu wa chini, yule anayeshika kamba ya kuteremshia matawi na kuwazuia wapita njia. Kaa chini mwaka mzima. Ukiwa hapo utaona kwa nini matawi ya mgrevilea huvunjika ghafla bila kutoa onyo, na kwa nini Kisumu, ambako dhoruba za alasiri huja kwa kishindo, tunaacha kupanda mara tu wingu linapokuwa jeusi. Utajifunza pia kwamba anayetumia msumeno juu ya mti hujifunga sehemu mbili, kwa sababu msumeno ule ule unaokata tawi unaweza kukata kamba iliyokushikilia. Penye nyaya za umeme usiguse chochote hadi wenye laini waizime, hata mteja akikuapia kwamba stima imepotea tangu asubuhi.

Uingereza mafunzo haya yamegawanywa vipande: mwanafunzi hupimwa kutunza msumeno na kukata magogo akiwa ardhini kabla hajaruhusiwa kuutumia akiwa kwenye kamba. Mtihani wa kimataifa wa wataalamu wa miti, unaotolewa na ISA, chama cha kimataifa cha utunzaji wa miti (International Society of Arboriculture), nao kwa kawaida hudai uzoefu wa miaka mitatu. Kwa hiyo anza sasa kuweka daftari: tarehe, aina ya mti, ulichokata na sababu yake, pamoja na picha. Hapa Kenya pia kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na asiye na kumbukumbu hana cha kuwaonyesha wapimaji.

Zile 60,000 ningezigawa hivi: helmeti na miwani, buti imara, msumeno mzuri wa mkono, bima ya ajali, na salio liwe karo. Kisha uwatembelee majirani uliowakatia mwaka jana. Ukikuta mbao mpya zimezunguka kidonda kama pete kamili, ulikata vizuri. Zikiwa zimeota pande mbili tu, juu na chini pakabaki wazi, ulikata karibu mno na shina.