Jibu: Plagi ya SATA kwenye raiza imegeuka kahawia

Habari ndugu. Unauliza kwa nini plagi ya SATA (plagi ya umeme iliyoundwa kwa ajili ya diski za kompyuta) inayolisha raiza (kibao kidogo kinachounganisha kadi ya michoro na ubao mama) imegeuka kahawia na kunuka plastiki, ilhali pawa saplai yako ya wati 1200 haijazidiwa. Kwanza zima mtambo na uchomoe ukutani, ndipo uendelee kusoma.

Pawa saplai haina kosa. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Raiza inaweza kuvuta hadi wati 66 kwenye volti hizo, usiku na mchana. Pini zinapata joto, plastiki inalegea, mguso unakuwa hafifu, joto linazidi. Pawa saplai haijizimi kwa sababu kwake huo ni mkondo mdogo tu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tupa adapta zote za SATA, hata zinazoonekana nzima. Tumia kebo ya pini 6 iliyokuja na pawa saplai hiyo hiyo. Ya aina nyingine inaweza kuwa na mpangilio tofauti wa pini ikaunguza kadi.

Ekstensheni ya ukutani nayo iguse kwa mkono baada ya mtambo kufanya kazi saa moja. Ikiwa ya moto, iondoe. Plagi ya ampea 13 usiipitishe ampea 10 mfululizo.