Kornabeki wa Chuo na Njia ya NFL: Kasi Peke Yake Haitoshi

Juma lililopita kijana mmoja anayesoma mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha Marekani aliniandikia akitaka kujua iwapo aingie katika drafti ya NFL, yaani uteuzi ambao klabu za ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani huchagua wachezaji wa chuo raundi kwa raundi, au abaki chuoni mwaka mmoja zaidi. Yeye ni kornabeki, yaani beki wa pembeni anayemkaba mdakaji wa pasi, nafasi ambayo mimi mwenyewe niliicheza chuoni. Aliambatanisha video fupi yenye pasi alizozinasa, na chini yake akaandika muda wake wa mbio za yadi 40 kwa tarakimu nene. Muda wenyewe ni mzuri, sikatai. Hata hivyo, mdogo wangu, tuuweke kando kwanza.

Mwaka 2022, Kalon Barnes wa Baylor alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.23 katika majaribio ya NFL mjini Indianapolis, kasi ambayo makornabeki wachache mno wamewahi kuikaribia. Akachaguliwa raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, na Carolina Panthers wakamwacha kabla msimu haujaanza. Richard Sherman hakuwa na kasi ya namna hiyo, tena pale Stanford alianza kama mdakaji kabla ya kuhamishiwa ulinzi. Seattle Seahawks walimchukua raundi ya tano mwaka 2011, akawa miongoni mwa makornabeki bora wa kizazi chake. Malcolm Butler, ambaye ndiye nimpendaye kuliko wote, alitoka West Alabama, chuo cha daraja la pili, wala hakuna klabu iliyomchagua mwaka 2014. New England Patriots walimpa nafasi baada ya majaribio tu, na Februari 2015 aliinasa pasi ya Russell Wilson, mrusha pasi wa Seahawks, mlangoni mwa goli, zikiwa zimebaki sekunde chache Super Bowl, fainali ya NFL, imalizike. Mazoezini, kabla ya fainali, mbinu ileile ya pasi ilikuwa imemshinda kuikaba.

Nasema haya kama mtu aliyepimwa. Maskauti, wale wanaosaka wachezaji kwa niaba ya klabu, walipokuja chuoni kwetu, nilikuwa nimetoka katika msimu ambao wadakaji niliowakaba walirudi makwao bila tachidauni, yaani bila kufunga hata mara moja, na sioni haya kulitaja hilo. Skauti mmoja aliuinua mkono wangu, akashika utepe begani, akauvuta hadi ncha ya kidole cha kati, akaandika namba katika daftari lake na kuita jina la anayefuata kabla sijaushusha. Hakuuliza nilimkaba nani. Mpaka leo nikimwona kwenye televisheni beki mwenye mikono mirefu akipitwa, natabasamu kidogo, Mungu anisamehe.

Urefu wa mkono hauongezeki kwa mazoezi, lakini ukabaji unafundishika, na hapo ndipo nilipoitazama video yako kwa makini. Katika pasi ya tatu uliyoinasa, mkono wako wa kushoto ungali kifuani mwa mdakaji mkiwa mmekwisha kukimbia karibu yadi kumi. Sheria za vyuo zinavumilia kumgusa mdakaji hivyo maadamu mpira haujarushwa, ilhali NFL inaruhusu ndani ya yadi 5 tu, na baada ya hapo bendera ya mwamuzi iko chini. Ukimwingilia mpira ukiwa hewani, adhabu ya chuoni haizidi yadi 15, lakini kwa wenzetu wa kulipwa mpira unawekwa palepale ulipofanya kosa, hata kama ni yadi 40 mbele. Jifunze kukaba kwa miguu na nyonga. Narudia, miguu na nyonga, kwa sababu kocha wa chuo anayeshinda mechi kwa mikono yako hana haraka ya kukusahihisha.

Jambo la pili vijana wetu hawapendi kulisikia. Kikosi cha NFL kina wachezaji 53, na kornabeki wa tano hawekwi kwa ajili ya kunasa pasi. Anawekwa kwa kuwa hukimbia uwanja mzima kumwangusha anayerudisha mpira uliopigwa. Kazi hiyo inaumiza na haimpatii mtu sifa mitandaoni, ndiyo maana mnaikwepa, kisha mnashangaa mnapoachwa mwezi wa nane. Mwombe kocha akuweke katika kundi linalofanya kazi hiyo, na uombe tena akikataa.

Kuhusu swali lako lenyewe, NFL ina kamati ya ushauri inayowatathmini wachezaji wa chuo ambao bado wana haki ya kuendelea kucheza. Majibu yake ni ya aina tatu: una uwezo wa kuchaguliwa raundi ya kwanza, raundi ya pili, au ubaki chuoni. Ombi hupitia chuoni kwako, kwa hiyo zungumza na kocha mkuu wiki hii, kabla hajaanza safari zake za kusaka wachezaji wapya.