Kaliandra ina protini, maziwa mbona yameshuka?

*Niko Ukerewe, shamba dogo. Nilipanda kaliandra, mti mdogo wa malisho, niachane na mashudu. Ng'ombe anakula hayo majani karibu tupu. Kinyesi kimekauka, maziwa yamepungua.*

Tafuna jani moja, mama. Ulimi unakauka kama umeng'ata ndizi mbichi, sivyo? Ukakasi huo ni tanini, imenasa protini ya mate yako. Tumboni mwa ng'ombe hufanya vilevile. Katika tumbo la kwanza huishika protini ya majani, vijidudu visiweze kuivunja. Ikifika tumbo la nne, kwenye asidi kali (pH chini ya 3.5), tanini huiachia, nayo humeng'enywa na kufyonzwa mbele kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo tanini kidogo, kama asilimia 2 hadi 4 ya chakula kikavu, ni faida: protini haiishii kwa vijidudu na kutoka na mkojo. Ikizidi sana, vijidudu hukosa naitrojeni wanayoitoa kwenye protini, nyuzi za majani hazilainiki, mnyama hupoteza hamu, na protini nyingine hutoka na kinyesi ikiwa bado imefungwa. Nadhani wako yuko hapo. Kaliandra isizidi thuluthi ya anachokula. Kinachobaki kiwe mabingobingo. Mashudu kidogo usiyaache bado.

*Nikiyaanika, ukakasi si utaisha? (Magu)*

Kaliandra mpe mbichi, siku uliyoikata. Ikikauka huliwa kidogo na kumeng'enywa vibaya zaidi. Glirisidia, mti mwingine wa malisho, ni kinyume: tanini yake ni ndogo, kinachomkera ng'ombe ni harufu. Hiyo ikate asubuhi, inyauke, umwekee horini jioni.

*Mbuzi wangu wanashinda kwenye migunga na wamenenepa. Wao vipi? (Misungwi)*

Mbuzi huvumilia tanini kuliko ng'ombe na kondoo. Tena mtazame anavyokula: vijani viwili hapa, hatua tatu, vijani vingine kule. Anachanganya mwenyewe! Ukimkatia matawi ya mti mmoja na kumfungia bandani, umemnyima uchaguzi huo.

*Punda wangu amenyonyoka nywele za mkia baada ya kula majani ya lusina, mti wa malisho. Tanini? (Kwimba)*

Hapana, ndugu yangu, hiyo huenda ni mimosini, sumu nyingine ya lusina. Ng'ombe na mbuzi wakiwa na vijidudu vinavyoivunja humudu. Punda hacheui, hana tumbo lile la kwanza lenye vijidudu hivyo. Mwondoe kwenye lusina leo.